Bloku safi au faulo? FIBA, NBA na kuitana faulo wenyewe, uchague ipi

Hakuna kitu kinachogombanisha watu kwenye basketi kama bloku, yaani beki kulizuia shuti kwa mkono. Jamaa kapanda leiapu, lile shuti la karibu na ringi, beki karuka naye, mkono umetua pwaa, filimbi imelia, nusu ya uwanja inapiga kelele faulo, nusu nyingine inasema ile safi kabisa refa kalala. Na ukiwasikiliza kwa utulivu mara nyingi unakuta wote wana hoja, tatizo kila mmoja ana kitabu chake kichwani: huyu kajifunzia basketi kwa kuangalia NBA, ligi kuu ya Marekani, yule kafundishwa na kocha anayefuata sheria za FIBA, shirikisho la basketi la dunia, mwingine maisha yake yote kacheza viwanja visivyo na refa ambako aliyeguswa ndo anaita.

Kwa hiyo hii ni ya wale ambao lazima wachague. Unaanzisha ligi ndogo au bonanza, unajifunza urefa, unafundisha watoto, au nyie ni kikundi tu cha washkaji mmechoka kubishana kila jioni. Nimeacha pembeni sheria za shule na vyuo vya Marekani maana kwenye bloku ziko katikati ya hizi mbili kubwa na zingetuchanganya bure.

Tunapima kwa vigezo gani

Vigezo vyangu ni hivi: mkono ukikutana na mkono inakuwaje, miili ikigongana hewani nani mwenye haki, mguso unaokuja baada ya mpira kutoka, mpira ukiwa juu ya ringi, adhabu yake, na mwisho kabisa nani anarekebisha uamuzi ukiwa mbovu. Hicho cha mwisho watu huwa hawakiangalii kabisa wakati wa kuchagua alafu ndo kinakuja kuwaumiza.

Kitu kimoja kwanza kabla hatujaanza. Popote pale, kugusana peke yake sio faulo. Watu kumi wenye miili mikubwa wanakimbia kwenye eneo dogo, wasipogusana ni muujiza. Refa mzuri haulizi "wamegusana?", anauliza mguso ule umemnyima mtu kitu gani. FIBA wameiandika kabisa kwamba mwamuzi apime faida na hasara, atumie akili ya kawaida, na aweke uwiano kati ya kuutawala mchezo na kuuacha utiririke. NBA nao wana mguso wanaouita mdogo usio na athari na wanauacha upite. Tofauti iko kwenye kiasi gani wanaacha.

Mkono kwa mkono

Hapa NBA wako wazi kuliko wote. Kitabu chao kinasema mkono ulioshika mpira unahesabiwa ni sehemu ya mpira, kwa hiyo beki akikupiga kwenye vidole au kiganja wakati bado umeushika, hakuna faulo hata kama kumesikika sauti na umeumia. Akishuka kwenye kifundo cha mkono au kigasha, hiyo ni habari nyingine, faulo. Ndo maana ukiangalia bloku ya Bam Adebayo wa Miami kwa Jayson Tatum wa Boston mwaka 2020, fainali za ukanda wa mashariki mechi ya kwanza, muda wa nyongeza unaisha, Tatum anakwenda kudanki na Adebayo anakutana naye juu kabisa mkono kwa mpira, refa hakupuliza na alikuwa sahihi, mkono umekwenda kwenye mpira na mpira ulikuwa bado mkononi mwa Tatum. Miami wakashinda 117 kwa 114.

Kwa FIBA usitegemee jibu la haraka hivyo. Refa anaangalia mkono wa beki ulikuwa unaelekea wapi, umefika kwenye mpira au umefika kwenye mkono kwanza, na mguso umemharibia mpigaji shuti lake au la. Kiutekelezaji bloku ya kiganja-juu-ya-mpira itapita kwa FIBA pia mara nyingi, ila refa wa FIBA atakuwa mkali zaidi ukipiga kwa kushuka, yaani mkono unatoka juu kwenda chini kama unakata kuni. Mkono unaopanda au uliosimama unapewa faida ya mashaka, unaoshuka haupewi. Hata NBA marefa wana jicho hilohilo, ila wachezaji wa kule wana kasi na wanajua kuficha.

Kwenye kuitana wenyewe sheria ni ile mliyokubaliana kabla mpira haujaanza, na kama hamkukubaliana basi sheria ni ya mwenye sauti kubwa. Viwanja vingi watu huchukulia kwamba vidole sio faulo na kigasha ni faulo. Lakini anayeita ni aliyepigwa, na aliyepigwa anasikia maumivu tu hajui kapigwa wapi hasa, macho yake yalikuwa kwenye ringi. Mi naona kwenye kigezo hiki ndo mfumo huu unayumba zaidi.

Miili hewani

Hiki ndo kigezo kinene, na ndo kinachotofautisha refa anayejua na anayebahatisha.

FIBA wanatumia silinda. Fikiria kila mchezaji amesimama ndani ya silinda yake: mbele inaishia kwenye viganja vyake, nyuma kwenye makalio, pembeni kwenye kingo za nje za mikono na miguu. Nafasi hiyo inapanda mpaka juu hewani. Beki aliyefika mahali pake kihalali akaruka wima, mikono juu ndani ya silinda yake, hana kosa hata mshambuliaji akimgonga kifua na kuanguka chini vibaya. Anayetoka kwenye silinda yake ndo anabeba mzigo. Na mshambuliaji naye ana silinda yake, hilo watu huwa wanalisahau, beki hawezi kuingiza mkono au nyonga humo alafu aseme nilikuwa nacheza mpira.

Ukichanganya na haki ya kutua, picha inakamilika: mtu aliyeruka ana haki ya kutua pale alipotokea, au mahali pengine ambapo palikuwa wazi pamoja na njia yake wakati anaondoka chini. Beki akisogea chini ya mtu aliyeko hewani na wakagusana, FIBA wanasema kawaida hiyo ni faulo isiyo ya kimichezo, na ikizidi mtu anatolewa kabisa. Kwa hiyo unaweza ukaufikia mpira vizuri kabisa juu na bado ukapigiwa faulo kwa sababu ya mguu wako chini. Mashabiki huwa hawaelewi hapo, macho yao yote yako kwenye mpira.

NBA kanuni ni ileile ya kwenda wima, na aliyeifanya ijulikane kwa kila mtu ni Roy Hibbert wa Indiana Pacers, msimu wa 2012-13 hasa, alikuwa anasimama chini ya ringi, anaruka wima mikono juu, watu wanamgonga kama ukuta na filimbi hailii. Kanuni haikuwa mpya, yeye ndo aliitumia mpaka watu wakaanza kuisoma. Baadaye NBA wakakaza upande wa pili, kuanzia msimu wa 2021-22 mpigaji anayemrukia beki kwa pembeni au kurusha mguu ili aguswe hapewi tena zile fri-throo (mashuti huru ya adhabu) za bure, refa anaacha au anampigia yeye faulo ya kushambulia. Na kutua nako walikukaza, baada ya Kawhi Leonard kuumia mwaka 2017 alipotua kwenye mguu wa Zaza Pachulia, kuanzia msimu uliofuata marefa waliweza kuangalia video na kuipandisha faulo ya namna hiyo kuwa faulo mbaya.

Kuna na ile nusu duara chini ya ringi, FIBA nusu kipenyo chake ni mita 1.25 na NBA ni futi 4, karibu sawa tu. Humo ndani beki aliyesimama tuli akigongwa, mshambuliaji hapigiwi faulo ya kushambulia. Lakini beki anayeruka wima kwenda kublok hajanyang'anywa haki yake kwa sababu tu yuko ndani ya mstari huo, na hili linawachanganya sana marefa wapya, wakiona mgongano ndani ya nusu duara wananyoosha mkono kwa beki moja kwa moja.

Wenyewe kwa wenyewe? Hakuna silinda, hakuna nusu duara, mwili kwa mwili unavumiliwa sana na anayelia kifua anachekwa. Faida yake ni kwamba mchezo unakwenda na mabeki wanajifunza kublok kwa kujiamini. Ubaya ni kule kutua. Hakuna anayeita "umeingia chini yangu" mpaka kifundo cha mguu kishageuka.

Baada ya mpira kutoka

Mpira umeshatoka, mkono wa beki unaendelea na safari yake. NBA mguso wa kiganja kwa kiganja baada ya mpira kutoka, ule unaofanana na watu wanaogongeana mikono, unachukuliwa hauna athari. Mwili kumgonga mpigaji ambaye bado yuko hewani haupiti kirahisi hivyo.

FIBA wanasisitiza kwamba mpigaji aliyeruka yuko kwenye tendo la kupiga shuti mpaka miguu yote miwili irudi chini. Kwa hiyo bloku safi juu alafu kifua kinamsukuma mpaka anatua vibaya, hiyo ni faulo ya kwenye shuti pamoja na kwamba mpira ulishablokiwa. Ule usemi wa "nimeupata mpira wote" hausaidii kitu hapo, kupata mpira kwanza sio leseni ya kumvunja mtu baadaye.

Kwenye kuitana wenyewe hii haiitwi kabisa, isipokuwa mtu kaanguka.

Juu ya ringi

Hapa tofauti ni ya kimaandishi kabisa na inaamua pointi, kwa hiyo sikiliza vizuri kama unaandaa mashindano. Kote FIBA na NBA, mpira wa shuti ukiwa unashuka juu ya usawa wa ringi huugusi, na ukishagonga ubao ukiwa juu ya ringi huugusi, ni goltendingi na kikapu kinahesabiwa. Ndo maana ile bloku ya LeBron James wa Cleveland kwa Andre Iguodala wa Golden State, mechi ya saba ya fainali za 2016, matokeo yakiwa 89 kwa 89 na zimebaki kama dakika mbili, ilikuwa ni suala la muda mfupi mno, mpira ungetangulia ubaoni kabla ya mkono ingekuwa pointi mbili za Golden State na historia nyingine kabisa.

Wanapoachana ni mpira ukishagusa ringi. FIBA, mpira umegonga ringi unadunda pale juu, yeyote anaruhusiwa kuupiga nje au kuuingiza, mradi asipitishe mkono kutoka chini kwenye kikapu na asicheze na ringi wala ubao. NBA hapana, kuna silinda ya kufikirika juu ya ringi na mpira ukiwa humo hauguswi na mtu mpaka utoke. Timu yenye mrefu mmoja anayejua hii inakula sana kwa sheria za FIBA. Na mchezaji aliyelelewa na NBA anasimama kuangalia tu mpira ukizunguka, inauma.

Viwanja vya washkaji wengi hawafiki huko juu, tupite.

Adhabu

Faulo kwenye shuti, FIBA na NBA ziko sawa: shuti limekosa ni fri-throo mbili au tatu kutegemea umepigia wapi, limeingia linahesabiwa na unapewa moja. Mchezaji wa FIBA anatoka kwa faulo tano, wa NBA sita, lakini usidhani NBA ni wapole, mechi yao ni dakika 48 na ya FIBA ni 40. Kwa mzuiaji mashuti mrefu hiyo hesabu inabadilisha kila kitu, faulo mbili robo ya kwanza FIBA kocha anamkalisha.

FIBA wana na mchezo mdogo, 3x3, yaani watatu kwa watatu, ambao ningekuomba uufikirie kama una uwanja mmoja na watu wachache. Kule mchezaji hatolewi kwa wingi wa faulo zake za kawaida, kinachohesabiwa ni faulo za timu. Shuti la ndani ya mstari likifauliwa ni fri-throo moja, la nje mbili, timu ikifika faulo ya saba ni mbili kila faulo, ya kumi na kuendelea ni mbili na mpira unarudi kwa waliofauliwa. Mguso unaoachwa ni mwingi kuliko kwenye watano kwa watano, ila sheria zipo na refa yupo.

Kuitana wenyewe adhabu ni kurudishiwa mpira basi. Hakuna fri-throo, kwa hiyo faulo ni rahisi, beki mjanja anakufaulu kila ukipanda na hapotezi kitu. Kikundi kikiwa na mtu wa namna hiyo mmoja, mfumo mzima unaoza.

Uamuzi ukiwa mbovu

NBA ina marefa watatu, ina kituo cha video Secaucus, New Jersey, tangu 2014, na tangu msimu wa 2019-20 kocha anaweza kupinga faulo iliyoitwa dhidi ya timu yake. Yaani sheria zao za mguso mdogo mdogo zimejengwa juu ya macho mengi na kamera nyingi. Wanatoa hata ripoti ya dakika mbili za mwisho, wanakubali hadharani hapa tulikosea, ingawa matokeo hayabadiliki.

FIBA imeandikwa kwa dunia nzima, inachezeshwa na marefa wawili au watatu, video ipo kwa mashindano yenye vifaa na kwa matukio yaliyotajwa tu. Kwa hiyo nguvu yake ni mahali refa aliposimama. Refa wa kwenye mstari wa mwisho anatakiwa aone mwanga kati ya beki na mpigaji, akiwa amenyooka nao nyuma ya mgongo wa mtu haoni chochote, anakisia kwa sauti na kwa namna mtu alivyoanguka. Ndo maana wanafundishwa kumwangalia beki na sio mpira, na kuichelewesha filimbi kidogo waone tukio lote, mwanzo mpaka mwisho. Filimbi ya papara imeua bloku nyingi nzuri kuliko sheria yoyote mbovu.

Bila refa, anayerekebisha ni aibu. Ukiita faulo ya uongo leo kesho hakuna anayekuchagua kwenye timu. Inafanya kazi kwa watu wanaojuana, kwa wageni haifanyi.

Inamfaa nani

FIBA inamfaa anayetaka wachezaji wake waende mbele, maana mashindano ya mataifa na ligi nyingi nje ya Marekani yanatumia hiyo, na inachezesheka na marefa wawili waliofundishwa vizuri. Kasoro yake ni kwamba inamtegemea sana refa, na refa mwoga ataita kila mguso mpaka mabeki waache kuruka.

Ya NBA inawafaa watu wazima wenye uwezo, wanaopenda mchezo wa juu ya ringi na wenye marefa watatu wazoefu. Ukiichukua bila hao marefa unapata ruhusa ya kugongana bila mtu wa kuona nani alianza. Ila kile kipengele cha mkono kuwa sehemu ya mpira ni kizuri mno, kifupi, kinamaliza ubishi, na mi sioni ubaya kukikopa.

Kuitana wenyewe kunafaa mazoezi na michezo ya kirafiki, wachezaji wa kiwango kinacholingana, na mahali ambapo kushindwa hakugharimu kitu.

Sasa we uko wapi

Kama ni watoto au wanaoanza, nenda FIBA na ukaze kutua kuliko kitu kingine, waache waguse mikono kidogo lakini anayeingia chini ya mwenzake pigia kila mara bila huruma, hata kama bloku ilikuwa tamu.

Ligi ndogo yenye marefa wawili na kombe mwishoni, FIBA tena, ila kaeni na makocha wote kabla ya mechi ya kwanza muwaambie wazi vidole-kwenye-mpira mtaviita vipi na mpira uliogusa ringi unaruhusiwa. Dakika kumi za kikao hicho zinapunguza nusu ya kelele.

Bonanza la siku moja, timu nyingi, refa mmoja mmoja, chukua 3x3 na usijisumbue na kitabu kizima.

Timu ya watu wazima wanaojiandaa kwenda kucheza Marekani, zoezeni kwa NBA kabisa, hasa silinda ya juu ya ringi, maana tabia ya kupiga mpira ulio kwenye ringi haiachiki kwa wiki moja.

Washkaji wa jioni, itaneni wenyewe lakini kubalianeni mambo matatu kabla: kigasha ni faulo na vidole sio, kuingia chini ya mtu ni faulo hata kama hajaita yeye mwenzake anaweza kumuitia, na shuti lililofauliwa likiingia linahesabiwa. Hilo la tatu ndo dawa ya yule beki wa kufaulu bure. Na akiendelea, mpeni fri-throo moja mpigaji, mtaona anavyojifunza kuruka wima ghafla.

Kama unajifunza urefa na hujui hata utaishia wapi, anza na silinda ya FIBA mpaka iwe kwenye damu, ya NBA utaongezea baadaye kwa kuangalia mechi ukiwa umezima sauti ya watangazaji.